Bunduki ya Upepo: Je, Yafaa Iletwe Shimoni?

Swali limetufikia kwa maandishi, fupi na la adabu. Kijana mmoja wa Shimoni ana mjomba wake afanyaye kazi Ghuba, na mjomba huyo, akijiandaa kuja likizo, amemuuliza amletee zawadi gani. Kijana ataka bunduki ya upepo, iwe fupi na nyepesi, apate kuwinda kanga, kwale na njiwa wanaofukua mbegu katika shamba la mamake. Auliza achague ipi: yenye mtutu wa kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5? Ya springi au ya mtungi? Tulipolitazama swali hili tuliona limebeba maswali matatu, na lile la bunduki ipi ndilo jepesi kuliko yote.

Tuanze na lile liwezalo kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuulegeza mlango huo. Kuwinda kwa ajili ya kujifurahisha ni kosa, na kuwinda kwa ajili ya kitoweo pia ni kosa. Watu wengi hudhani kwamba sheria hii ni ya ndovu na vifaru, na kwamba kanga wa porini, au kwale, ndege mwenye jina moja na kaunti yetu, au paa mdogo wa vichaka vya Shimoni, hawamo. Wamo. Wala chombo hakibadili hukumu: mtego, ulimbo, manati na bunduki ni mamoja, na hata kama ndege ameuawa ndani ya shamba lako mwenyewe, shamba halimgeuzi kuwa kuku wako.

La pili ni bunduki yenyewe. Wako wanaosema kwamba bunduki ya upepo si silaha, ni kitu cha kuchezea, kwa kuwa haina baruti. Maneno haya hayamsaidii mtu kwenye kaunta ya forodha. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha zote za sura ya 93 ya orodha ya bidhaa miongoni mwa vitu visivyoingizwa ila kwa masharti, na sura hiyo inazitaja waziwazi bunduki za springi, za hewa na za gesi. Na kwa kuwa sheria ni ya Jumuiya nzima, haisaidii kuipitishia Tanga na kuvuka nayo Lunga Lunga, wala kuja nayo kwa jahazi kutoka Pemba. Kisha ipo Sheria ya Silaha ya Kenya, ambayo humtaka mwenye silaha yoyote ya mtutu iwezayo kuua awe na cheti. Mwenye kuitaka na aiandikie kwanza Bodi ya Leseni za Silaha na apate jibu la maandishi kabla mjomba hajafungua mkoba wake dukani. Kumbuka, kijana wetu, kwamba atakayesimamishwa uwanjani na kuulizwa maswali si wewe uliyeagiza. Ni yeye mjomba, na pengine ana siku chache tu za likizo na kazi ya kurudia.

Sasa tuje kwenye halali ya nyama yenyewe, kwa sababu hata anayeishi mahali panaporuhusiwa kuwinda hana budi kuijua.

Neno letu bunduki limetoka katika Kiarabu, bunduq, ambalo asili yake ni aina ya kokwa, kisha likawa jina la tonge dogo la udongo mkavu lililorushwa kwa upinde. Mwanafunzi wa chuoni anayesoma katika vitabu vya fiqhi kwamba kiwindwa kilichouawa kwa bunduq hakiliwi, huenda akadhani wanazuoni wa kale walizungumzia bunduki za leo. Sivyo. Walizungumzia lile tonge, ambalo huua kwa uzito na kishindo, si kwa kupenya. Asili ya hukumu imo katika Suratul Maida, aya ya 3, ambapo mnyama aliyekufa kwa kupigwa amehesabiwa pamoja na mfu; na imo pia katika hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo inatofautisha mshale uliopiga kwa ncha na mshale uliopiga kwa ubavu. Uliopiga kwa ncha ukapenya, nyama yake huliwa. Uliopiga kwa ubavu ukaua, nyama hiyo ni ya mnyama aliyepigwa akafa.

Bunduki za baruti zilipoenea, wanazuoni walirudi kwenye kanuni hiyo hiyo. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kwamba risasi hupenya kuliko hata mshale, basi huhalalisha. Wengine hawakukubali, wakasema risasi huchoma na kuponda wala haikati. Ikiwa hali ni hii kwa risasi ya kweli, itakuwaje kwa kirisasi cha bunduki ya upepo, ambacho mara nyingi kichwa chake ni butu, kiuno chembamba, na uzito wake gramu moja au chini ya hapo? Kikitoka katika bunduki dhaifu chaweza kumvunja njiwa ubawa na kumwangusha bila kupenya popote. Kwa maoni yetu, hiyo ni bunduq ya vitabuni hasa. Salama ya mwindaji, na ndiyo njia isiyokuwa na mzozo kwa sisi tunaomfuata Imam Shafi, ni kumfikia ndege angali na uhai ulio imara na kumchinja kwa kisu kikali. Akikuta amekwisha kufa na jeraha lenyewe ni mvilio tu usiotoboa ngozi, amwache. Na akiangukia majini, jambo la kawaida kwa atembeaye kando ya mikoko, akamwokota amekufa, amwache vilevile. Hadithi ya Adiy imelitaja hilo pia, kwani hajui ni maji yaliyomuua au ni silaha.

Tumesema swali la bunduki ipi ni jepesi, lakini wapo wasomaji wetu Uingereza na kwingineko ambao jambo hili kwao ni halali kwa sheria ya nchi, nao wana haki ya jibu. Huko Uingereza, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi nguvu ya takriban joule 16 mdomoni mwa mtutu haihitaji cheti, isipokuwa katika sehemu kama Scotland, ambako cheti kimekuwa lazima tangu mwisho wa mwaka 2016. Kirisasi cha 5.5 chenye uzito wa gramu moja hufikia nguvu hiyo kikienda kama mita 180 kwa sekunde, cha 4.5, ambacho ni chepesi, hukimbia zaidi na njia yake hunyooka, lakini kile kikubwa hufanya jeraha kubwa. Kwa sungura na njiwa wengi huchagua 5.5, nasi twawaunga mkono, kwani mwindaji hutakiwa kumstarehesha mnyama. Nguvu hiyo haitoshi kwa umbali wa kujisifu. Mita 30 ni mwisho wa maana kwa mtu wa kawaida, na shabaha ni kichwa, mahali penye upana wa sarafu. Asiyeweza kupiga sarafu mara kumi mfululizo kwenye karatasi asimwelekezee kiumbe hai.

Kuhusu ufupi: bunduki ya springi hukunjwa mtutu ili kuikaza, na mtutu ndio mkono wa wenzo, kwa hiyo ikifupishwa mno huwa ngumu kukaza na huruka mkononi ikifyatuliwa. Ile ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa haina taabu hiyo. Mafundi huweza kuirudisha mashine yake nyuma ya kifyatulio, karibu na shavu, mtutu ukabaki mrefu na silaha nzima ikawa fupi. Haina mrusho, na mwanafunzi hujifunza upesi. Lakini yadai hewa ya shinikizo la bar 200 na zaidi, yaani shinikizo la mitungi ya wapiga mbizi wanaoondoka Shimoni kwenda Kisite, na chombo chenye shinikizo la namna hiyo si cha kuachwa juani wala cha kuchokonolewa na fundi wa baiskeli. Tena hewa yetu ya chumvi hula chuma.

Liko jambo ambalo wazazi hulisahau wanapobishana kuhusu springi na mtungi. Katika hadithi ya Abdullah bin Mughaffal, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kurusha vijiwe kwa vidole, na sababu iliyotajwa ni kwamba havimwindi mnyama wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Kirisasi cha milimita 4.5 kiko karibu mno na kijiwe kile, ila kimeongezewa mwendo. Hugonga jiwe la matumbawe, na mawe hayo yametapakaa Shimoni yote, kikarudi upande usiotarajiwa. Nyumba zetu ziko karibukaribu, watoto wako uani, na ua wa makuti hauzuii kitu.

Tumrudie basi kijana wetu na shamba la mamake. Mbegu zinazofukuliwa zina dawa ya zamani: kuamia. Wazee walijenga dungu, wakawapa watoto debe la kugonga, nao ndege wakaenda zao. Siku kumi za mwanzo, mpaka miche isimame, ndizo ngumu. Wanaoharibu zaidi wakiwa ni tumbili, nyani au nguruwe mwitu, ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iko hapo hapo Shimoni. Apeleke taarifa kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri, na apige picha za hasara kabla mvua haijafuta nyayo. Kwa kunguru wale wa Kihindi waliofika pwani hii kupitia Zanzibar, walikoletwa katika miaka ya 1890, ambao hula vifaranga vya mama, aulize ofisi hiyo hiyo kabla ya kuchukua hatua yoyote, na kwa sasa afunike banda kwa wavu na asiache mabaki ya samaki wazi.

Na mjomba aandikiwe wiki hii, kabla hajalipa.