Neno Moja Kati ya Matano

Soma sentensi hii taratibu: "Kabla ya maji kupwa mvuvi alibeba nduzo yake, akashuka mlefani, akasubiri mpaka jua kuzama, kisha akalupa pibwi na kurudi nyumbani." Ina maneno 20. Manne kati yake nimeyatunga mimi na hayana maana yoyote. Sarufi yote umeielewa. Unajua kuna mvuvi, kuna bahari, na jioni imeingia. Lakini mvuvi alibeba nini? Alishukia wapi? Alifanya nini kabla ya kurudi nyumbani? Mtihani huuliza maswali kama hayo, na huna jibu hata moja.

Katika kata ya Madimba, kwenye barabara itokayo Mtwara mjini kuelekea Msimbati, mtoto wa Kidato cha Kwanza hukutana na kurasa za namna hiyo kila siku. Nyumbani kwao, kama ilivyo kwa wengi wa huko, huzungumzwa Kimakonde. Shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia tangu 1967, na Kiingereza kilikuwa somo moja tu kati ya mengi. Anapoingia sekondari, karibu kila somo linageuka Kimombo: Biolojia, Jiografia, Historia, hata Hisabati. Hupewa kozi ya maandalizi ya wiki chache, kisha silabasi inaanza kukimbia. Akipata F, yaani chini ya alama 30 kwa 100, anaambiwa ni mzito.

Si mzito. Ana upungufu wa maneno, na upungufu huo unapimika.

Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation, watafiti wa New Zealand, waliwapa watu wanaojifunza Kiingereza hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalibadilishwa yakawa ya kubuni, kama nilivyofanya hapo juu. Kati ya waliosoma hadithi yenye maneno halisi 80 katika kila 100, hakuna hata mmoja aliyeielewa vya kutosha. Kwenye 95, baadhi walimudu. Hesabu za watafiti hao zilionyesha kwamba ili wengi wasome bila msaada, wanahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100, yaani wakwame neno moja tu kwa kila hamsini.

Mwaka huohuo Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alichambua maandishi ya vyuo vikuu. Aligundua kwamba makundi 2,000 ya maneno yanayotumika zaidi katika Kiingereza yanabeba takriban robo tatu tu ya maandishi hayo. Vitabu vya Kidato cha Kwanza ni vyepesi kuliko vya chuo, lakini navyo vimejaa maneno ya kitaaluma ambayo mtoto hayasikii sokoni, kwenye redio wala msikitini. Kumwongezea mazoezi ya sarufi kabla hajapata maneno ni kumchosha bure.

Tatizo hili si geni serikalini. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi juu, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Waliona kwamba hata kati ya wale wa Kidato cha Nne, ni mmoja tu kwa kila kumi aliyefikia kiwango ambacho kwacho mtu angeweza kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Kilichofuata ni mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi. Mimi naamini Tume ilikuwa na haki. Lakini mtoto aliyeko darasani leo hawezi kungoja sera ibadilike, na wazo la vitabu vya hadithi lilikuwa zuri kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ushahidi wake mzuri zaidi umetoka visiwani Fiji. Kuanzia 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250, vyenye picha na vya kupendeza, katika madarasa ya shule za vijijini ambako watoto hawakuwa na Kiingereza nyumbani. Madarasa mengine yaliwaacha watoto wasome kimya kila siku. Mengine yalisoma pamoja na mwalimu na kuzungumzia hadithi. Shule za kulinganishia ziliendelea na masomo ya kawaida ya kurudiarudia mifano ya sarufi. Baada ya miezi minane, watoto wa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu maradufu ya wenzao. Mwaka wa pili tofauti ilizidi kukua, ikaenea mpaka kwenye kuandika na sarufi yenyewe. Hawakukaririshwa kanuni. Walikutana na neno lilelile ndani ya hadithi mara nyingi, wakiwa na hamu ya kujua kitakachofuata, mpaka likawa lao.

Lakini kitabu cha hadithi lazima kiwe chepesi, na hapa ndipo tunapokosea mara nyingi. Kumpa mtoto wa Kidato cha Kwanza riwaya ya Kidato cha Nne kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini ni kumrudisha kwenye nduzo na pibwi. Akifungua ukurasa akakuta maneno magumu zaidi ya mawili au matatu, apewe kingine, hata kama kiliandikiwa watoto wa darasa la tatu. Asione haya, na mwalimu asimtie haya.

Jambo la pili la kumsaidia mwanafunzi halihitaji hata shilingi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwagawa wanafunzi waliosoma makala fupi. Kundi moja lilirudia kuisoma, lingine lilifunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, wao walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu asilimia 56. Kunakili notisi kutoka ubaoni kunafanana na kundi la kwanza. Mwanafunzi mwenye daftari lenye neno la Kiingereza upande mmoja na maana ya Kiswahili upande wa pili anaweza kufunika upande mmoja na kuulizana na jirani yake: maneno kumi leo, hayohayo kesho, hayohayo tena wiki ijayo.

Nimesema maana ya Kiswahili kwa makusudi. Bado zipo shule ambako mtoto huadhibiwa akizungumza Kiswahili, eti ndivyo Kiingereza kitakavyomwingia. Utafiti wa mitihani ya Kidato cha Pili Zanzibar, ulioitwa SPINE, ulionyesha wanafunzi walioshindwa swali kwa Kiingereza wakilijibu lilipoulizwa kwa Kiswahili. Maarifa yalikuwapo. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Dodoma, Bristol na vyuo vingine, pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, waliandaa vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza vyenye sentensi fupi, picha, maana za maneno kwa Kiswahili, na nafasi ya kujadiliana kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza.

Mwalimu wa Madimba anaweza kufanya hivyo kesho asubuhi. Watoto wake wanaishi kando ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wanajua mikoko inavyoinua mizizi juu ya tope na kuishi kwenye maji ya chumvi. Wao walieleze hilo kwanza kwa Kiswahili, kwa kirefu. Ndipo mwalimu awape maneno sita ya Kiingereza waliyoyahitaji, nao waandike sentensi zao.

Vitabu, hata hivyo, vinahitaji fedha. Madimba ndiko gesi husafishwa na kusafirishwa hadi Dar es Salaam kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lililozinduliwa 2015, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na gesi. Waheshimiwa madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, katika bajeti ijayo tengeni fungu la vitabu vyepesi vya hadithi, 250 kwa kila darasa la Kidato cha Kwanza na cha Pili, na nusu saa ya kuvisoma kila siku iwekwe kwenye ratiba.