Kaisari Aliyelinda Mpaka: Nafsi ya Mtu na Ulimwengu Mzima

Askari ni miongoni mwa watu wachache ambao kazi yao huwalazimisha kukesha chini ya mbingu. Raia wamelala, taa zimezimwa, naye yu lindoni akiziona nyota zikisogea polepole kuelekea magharibi hata zamu yake iishe. Si ajabu basi kwamba tangu kale swali hili limewajia watu wa silaha: je, kati ya ulimwengu huo mkubwa na nafsi ya mtu mmoja asimamaye gizani pana uhusiano wowote? Na kama upo, unamdai nini mtu aliyekabidhiwa silaha na taifa lake?

Mataifa mengi yamelijibu swali hilo kwa namna nyingi. Katika makala haya tutalitazama jibu la kundi moja la wanafalsafa wa kale, yaani Wastoiko, kwa kuwa jibu lao lilijaribiwa na amiri jeshi, tena katikati ya vita. Wasomaji wa Biblia watalikumbuka jina la watu hao katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, pale Mtume Paulo alipokutana nao mjini Athene.

BARAZA LA ATHENE

Mwanzilishi wa falsafa hiyo alikuwa Zeno, mzaliwa wa kisiwa cha Saiprasi, ambaye yapata mwaka 300 kabla ya Kristo alikuwa akifundisha mjini Athene katika baraza la hadhara lililopambwa kwa michoro. Baraza la namna hiyo kwa Kigiriki huitwa stoa, na kwa sababu hiyo wanafunzi wake wakaitwa Wastoiko.

Walifundisha kwamba ulimwengu si rundo la vitu vilivyotupwa ovyo. Ni kama mwili mmoja ulio hai, na ndani yake imeenea akili moja, mfano wa joto lienealo katika mwili wa mtu mwenye afya. Akili hiyo waliiita logos. Ndiyo iendeshayo jua na mwezi, ndiyo ioteshayo mbegu, na cheche yake ndogo ndiyo akili aliyo nayo kila binadamu. Na kwa kuwa ni mwili mmoja, kila kiungo huathiriwa na vingine. Mmoja wao, Posidonius, alisafiri hadi Gades, mji uitwao Cadiz siku hizi huko Hispania, akayachunguza maji ya Atlantiki na kueleza jinsi yanavyojaa na kupwa kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, wazijuao siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi tu, wangemwelewa mara moja.

Juu ya msingi huo Wastoiko walijenga kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wote ni ndugu, kwa maana cheche iliyo ndani ya mfalme ndiyo iliyo ndani ya mtumwa na ndani ya mgeni. Kila mtu ni raia wa mji wake, na tena ni raia wa ule mji mkubwa ambao ni ulimwengu. Kanuni ya pili ni kwamba yako mambo yaliyo katika uwezo wa mtu, na mengine yasiyo katika uwezo wake. Mvua, maradhi, cheo, sifa na kifo havimo mkononi mwake. Kilichomo mkononi mwake ni hukumu yake mwenyewe juu ya mambo hayo, na tendo analochagua kulitenda.

Ni haki kumwambia msomaji kwamba hapa ipo tofauti na dini zetu. Muislamu na Mkristo humwabudu Mungu Muumba aliye juu ya viumbe vyake, ilhali Wastoiko hawakumtenga Mungu na ulimwengu. Lakini mtu halazimiki kuikubali elimu yao yote juu ya Mungu ndipo anufaike na elimu yao juu ya kuitawala nafsi.

DAFTARI LA KAMBINI

Marcus Aurelius alizaliwa Roma mwaka 121, akawa Kaisari mwaka 161. Kwa tabia alikuwa mtu wa vitabu, lakini zama zake hazikumruhusu kukaa navyo. Askari waliorudi kutoka vita vya mashariki walikuja na ugonjwa wa kuambukiza ulioua watu wengi mno. Kabla ugonjwa huo haujapoa, makabila ya Wamarcomanni na Waquadi yaliuvuka mto Danube, yakafika hata kaskazini ya Italia. Hazina ilikuwa imekauka. Waandishi wa kale wasimulia kwamba Kaisari alivipiga mnada vitu vya thamani vya ikulu yake ili asiwatwike watu wa majimboni kodi mpya.

Sehemu kubwa ya miaka yake iliyosalia aliishi mpakani pamoja na majeshi. Huko alikuwa akiandika kwa Kigiriki maneno ya kujionya mwenyewe. Sehemu moja ya maandiko hayo ina alama kwamba iliandikwa Carnuntum, kambi kubwa katika nchi iitwayo Austria siku hizi. Nyingine yataja nchi ya Waquadi, kando ya mto uliomo Slovakia ya leo. Hakuyaandika kwa ajili ya kuwasomea watu, na ndiyo sababu yana thamani. Si hotuba ya mtawala mbele ya gwaride, bali ni mtu mwenye madaraka makubwa akijihoji peke yake.

Mfano mmoja alioupenda ni ule wa kiungo na mwili. Katika Kigiriki neno lenye maana ya kiungo na neno lenye maana ya sehemu hutofautiana kwa herufi moja tu, naye akaitumia tofauti hiyo kujifunza. Ajionaye kuwa ni sehemu tu ya jamii, alisema, huwatendea wenzake wema kama mtu anayetimiza wajibu wa nje. Ajionaye kuwa ni kiungo huwatendea wema kama anayejitendea mwenyewe. Kwingineko alimfananisha mtu ajitengaye na wenzake na mkono au mguu uliokatwa, ukalala mbali na kiwiliwili. Kwa msomaji aliyeketi chumbani mfano huo ni wa kitabuni. Kwa yule aliyeuandika katika miaka ya vita, haukuwa mbali na macho yake.

Alijizoeza kukumbuka kila asubuhi kwamba siku hiyo angekutana na wajeuri, wadanganyifu na wasio na shukrani, na kwamba hao nao wana cheche ile ile aliyo nayo yeye. Kwa hiyo hawangeweza kuidhuru nafsi yake, wala yeye hakuwa na haki ya kuwachukia.

MVUA YA VITANI

Mwanzoni mwa miaka ya 170 kikosi kimoja cha Warumi kilizingirwa na Waquadi katika jua kali. Askari walikuwa wamechoka na kujeruhiwa, maji hawana, na adui alikuwa akingoja kiu imalize kazi. Ghafla mawingu yakatanda, mvua kubwa ikanyesha. Askari wakainua nyuso wakayapokea maji kwa vinywa, kisha wakayakinga kwa ngao na kofia zao za chuma, wakanywa na kuwanywesha farasi. Kikosi kikaokoka.

Mara kila upande ukaidai mvua ile. Wako waliosema ni kazi ya mganga wa Kimisri aliyefuatana na jeshi. Wakristo walisema ni sala za askari Wakristo waliokuwamo kikosini. Wengine walisema ni dua ya Kaisari mwenyewe. Nguzo ya mawe iliyojengwa Roma kwa ukumbusho wa vita hivyo, nayo imesimama hata leo, imechongwa umbo la mungu wa mvua mwenye mbawa, maji yakimtiririka mwilini. Lakini katika maandiko ya Kaisari tukio hilo halimo. Mtu aliyeamini kwamba nafsi yake imeungana na ulimwengu hakuandika hata mara moja kwamba ulimwengu ulimtii yeye.

Hapo ndipo habari hii inapoigusa historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, aliwagawia watu maji yaliyoaminiwa kwamba yangezifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Madai ya watu wale yalikuwa ya haki, nao waliyaunganisha makabila mengi dhidi ya dhuluma. Hata hivyo risasi hazikugeuka, na vita vya Maji Maji pamoja na njaa iliyofuata viliua makumi ya maelfu ya watu. Nchini Uganda, mwaka 1986 na 1987, Alice Auma aliyejulikana kwa jina la Lakwena aliwaongoza wafuasi waliopakwa mafuta kwa imani kama hiyo, na mwendo wao ukakomeshwa karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987.

Hatuwataji watu hao ili tuwacheke waliokufa. Twawataja kwa sababu kosa la namna hiyo bado lamnyemelea kila askari aendaye vitani akiwa na hofu, naye hofu ni ya kila mwenye akili timamu. Kama ulimwengu una sheria moja, basi sheria ishushayo mvua ndiyo ipelekayo risasi, wala haimpendelei afisa wala kuruta. Aliyeungana na ulimwengu hapewi ruhusa ya kuzikwepa sheria zake. Apewacho ni nguvu ya kusimama wima chini ya sheria hizo.

NGOME YA NDANI

Nguvu hiyo ilionekana mwaka 175. Avidius Cassius, jemadari ambaye Kaisari alimwamini akamkabidhi majimbo ya mashariki, alisikia uvumi kwamba Kaisari amekufa, akajitangaza mtawala. Maasi hayo yalidumu kiasi cha miezi mitatu. Kisha akauawa na maafisa wa jeshi lake mwenyewe, na kichwa chake kikapelekwa kwa Marcus. Kaisari alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Barua za Cassius, ambazo zingefichua majina ya waliomwunga mkono, zilichomwa bila kusomwa, kama wasimuliavyo waandishi wa kale. Mtu aliyeizuia hasira yake siku zile alikuwa na uwezo wa kuua mamia kwa neno moja.

Katika zama zetu, ngome hiyo ya ndani ilijaribiwa na askari mwingine. Mwezi Septemba 1965 rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani, James Stockdale, aliangushwa na mizinga ya Vietnam ya Kaskazini. Alifungwa zaidi ya miaka 7, karibu miaka 4 kati ya hiyo akiwa peke yake, mguu umevunjika, akiteswa. Kabla ya hapo alikuwa amesoma mafundisho ya Epictetus, Mstoiko aliyekuwa mtumwa na kilema wa mguu, ambaye maneno yake yalimlea pia Marcus Aurelius. Stockdale aliachiliwa mwaka 1973, na baadaye alieleza katika hotuba na maandishi yake kwamba mafundisho hayo ndiyo yaliyomsimamisha: mfungaji ana uwezo juu ya mwili wa mfungwa, lakini heshima ya mfungwa haipotei mpaka aitoe mwenyewe. Si lazima mtu aiunge mkono vita ile ndipo aone ukweli wa neno hilo, kwa maana lamfaa mfungwa wa upande wowote.

MAFUNDISHO SI HIRIZI

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Nguzo ile ile iliyochongwa mvua imechongwa pia vijiji vya adui vikichomwa moto, mateka wakikatwa vichwa, na wanawake wakikokotwa pamoja na watoto wao. Mwaka 177, chini ya utawala wa huyo huyo Kaisari aliyewaita watu wote ndugu, Wakristo wa mji wa Lyon huko Ufaransa waliteswa na kuuawa hadharani. Utumwa nao haukuondolewa.

Basi mafundisho nayo si hirizi. Kuamini kwamba binadamu wote ni viungo vya mwili mmoja hakutoshi, kama imani hiyo haishuki kutoka kichwani mwa mkuu hadi katika amri anayotoa, na kutoka katika amri hadi katika mkono wa askari wa mwisho. Kaisari aliitawala nafsi yake kwa namna iliyowastaajabisha watu wa zama zake na wa zama zilizofuata. Kuifanya kanuni hiyo iwe sheria ya jeshi zima hakuweza, au hakujaribu. Kazi hiyo aliwaachia waliokuja baadaye. Leo mataifa yameandika kwamba mateka asiuawe, majeruhi wa adui atibiwe na mahabusu asipigwe. Hizo ndizo kanuni za Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na za sheria za nchi mbalimbali. Hata hivyo karatasi haiushiki mkono wa mtu saa ya hasira.

Afisa wa polisi ampokeaye mahabusu usiku wa manane, koplo asimamishaye gari kizuizini, kamanda aliyepoteza vijana wake asubuhi na jioni akaingia kijiji anachokishuku: hakuna kati yao atakayepata nafasi ya kufungua kitabu. Kitakachotenda kazi saa hiyo ni kile alichojizoeza kujiambia kila siku kabla saa hiyo haijafika. Ndiyo maana Kaisari aliandika maneno yale yale tena na tena kwa miaka. Hakuwa amesahau. Alijua kwamba nafsi, kama silaha, hushika kutu isiposafishwa.

Marcus Aurelius alifariki tarehe 17 Machi 180, vita havijaisha. Mpaka alioulinda haumo tena katika ramani, na dola aliyoipigania imekuwa magofu ya kutazamwa na watalii. Maandiko yake yamesalia, na kwa mtu wa silaha yanataka jambo moja: amtazame aliye mbele yake, awe mhalifu, awe adui, awe raia mbishi, amhesabu kuwa ni kiungo cha mwili ule ule alimo yeye. Akimhesabu hivyo, atamkamata bila kumtesa, atapigana naye bila kumdhalilisha, na kazi itakapokwisha atarudi kwa watoto wake akiwa angali mtu.