Utangulizi: Kusema na Kuagiza

Andika x = x + 1 kwenye daftari la hisabati, mwalimu ataukata mstari huo kwa wino mwekundu. Hakuna namba iliyo sawa na namba inayoizidi kwa moja. Uandike kwenye programu ya kompyuta, kazi inaendelea. Nimeona wanafunzi hodari wa hisabati wakikwama hapa katika wiki yao ya kwanza, na wana haki ya kukwama.

Kwa mwanahisabati mstari huo ni taarifa, nayo taarifa huwa ya kweli au ya uongo. Robert Recorde wa Wales, aliyetupa alama ya sawasawa mwaka 1557, alichora mistari miwili sambamba kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Mwaka 1957, miaka 400 kamili baadaye, IBM ilitoa lugha ya Fortran, na humo alama ile ile ikawa amri. Kama x ina 5, kompyuta hutafuta kwanza thamani ya upande wa kulia, ikapata 6, kisha huiweka hiyo 6 mahali palipokuwa na 5. Sarufi ya shule ya msingi ilishatufundisha jambo hili: “Mlango umefungwa” na “Funga mlango” ni sentensi za aina mbili.

Na thamani je? 3 + 4 ina thamani ya 7, hilo halina ubishi. Lakini 3 + 4 = 7, taarifa nzima, ina thamani gani? Mwaka 1891 mwanahisabati Gottlob Frege alijibu: kweli. Jibu hilo fupi ndilo linaloiwezesha programu kuamua njia ya kufuata.

Waliobuni lugha ya ALGOL waliitengea amri alama yake, :=, na naona walifanya vizuri. Lugha ya C iliiachia amri alama moja, =, na swali la ulinganifu ikalipa mbili, ==. Tena katika C amri yenyewe huacha thamani. Novemba 2003 mtu fulani alipenyeza mistari miwili kwenye nakala mojawapo ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Ukiisoma harakaharaka, ilikuwa ikiuliza iwapo mtumiaji ni namba 0, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Kumbe iliandikwa uid = 0, kwa alama moja: mfanye awe 0! Na kwa kuwa amri hiyo huacha thamani ya 0, ambayo C huihesabu kuwa si kweli, programu ingepita kimya. Wasimamizi waliikamata kabla haijaingia kwenye hifadhi kuu.

Basi, msomaji, kila ukutanapo na mstari katika sura zijazo, uulize: unasema au unaagiza? Unaacha thamani gani? Shika kalamu. Tunaanza na x = 5.