Kabla ya Kuweka Gurudumu la 26 Kwenye Black Mamba

Wachuuzi wa maziwa, wahudumu wa bodaboda za baiskeli na wanafunzi wengi katika kaunti zetu bado wanategemea Black Mamba. Gurudumu lake likipinda, mara nyingi kinachopatikana haraka kwa fundi ni gurudumu la baiskeli ya milimani. Ekseli huingia kwa kulazimisha kidogo, mnyororo unafungwa, na mwenye baiskeli anaondoka. Shida huanza kwenye mteremko.

Black Mamba hutumia rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Ile ya baiskeli ya milimani ya inchi 26 ni milimita 559. Ekseli ikiwa mahali pale pale, ukingo wa rimu mpya unakuwa karibu sentimita 4 chini ya ule wa awali. Breki za vyuma za Black Mamba huvuta raba zikagusa upande wa ndani wa rimu. Sasa raba hizo haziifikii, kwa hiyo breki hufunguliwa na kuwekwa kando. Mtu aliyebeba gunia la mahindi anabaki kusimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu.

Fremu nayo huathirika, kwa sababu ilipimwa pamoja na magurudumu yake. Hata ukiweka tairi pana la milimani, baiskeli iliyobadilishwa magurudumu yote mawili hushuka karibu sentimita 3. Pedali zinakuwa karibu zaidi na ardhi, na unapolala kwenye kona zinaweza kugonga jiwe.

Kubadilisha gurudumu la mbele peke yake ndiko kubaya zaidi. Fremu huinamia mbele na bomba la usukani husimama wima zaidi. Tazama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali: kila moja hufuata nyuma ya chuma kinacholishikilia, ndiyo maana hujinyoosha lenyewe. Baiskeli hutumia hila hiyo hiyo. Ukirefusha mstari wa bomba la usukani hadi chini, utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Gurudumu likiwa dogo na bomba likisimama, nafasi hiyo hupungua. Usukani unakuwa mwepesi, na kwa kasi huanza kuyumba.

Kinyume chake, yaani gurudumu kubwa kwenye fremu ya milimani, mara nyingi hukwama lenyewe: tairi husugua uma, au matope kidogo yanalizuia.

Usitegemee inchi pekee unaponunua tairi. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 ni la rimu ya milimita 590, ilhali 26 x 1.95 ni la 559. Yote huitwa ishirini na sita, lakini moja haliingii kwenye rimu ya jingine. Hata 28 ina matatizo yake, kwani kuna 28 ya milimita 622. Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Upana unaweza kutofautiana kidogo mradi tairi lisiguse fremu, lakini namba ya pili lazima ilingane kabisa. Kama maandishi yamefutika, nenda dukani na tairi lenyewe.