Sura ya Tano: Mahali pa Taa juu ya Mmea

Mkulima wa shamba huchagua udongo, hungoja majira na huomba mvua, walakini hana haja ya kuuliza jua liwekwe wapi, kwa sababu jua li mbali kiasi cha kilomita milioni 150, na mita moja au mbili za kimo cha mmea si kitu katika masafa hayo. Jani la kileleni na jani la chini, ghairi ya kivuli, huangazwa kwa nguvu moja. Apandaye ndani ya nyumba chini ya taa za LED amejitwika kazi isiyokuwako shambani, maana taa yake imo katika umbali wa mkono, na katika ukaribu huo kila shubiri ina hesabu yake.

Mfano utakaotuongoza ni mmea wa bangi kama unavyopandwa nchini Kanada, ambako sheria iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018 iliwahalalishia watu wazima, ikazipa kaya katika majimbo mengi idhini ya kupanda miche isiyozidi minne. Kwa kuwa baridi ya nchi ile ni kali na kiangazi chake ni kifupi, aghalabu mmea huo hulelewa chumbani tangu mbegu hata ua. Katika Tanzania na Kenya mmea huu umekatazwa na sheria, nasi hatuuelezi ili upandwe huko. Lakini kanuni za nuru hazibagui mimea, na yasemwayo hapa yatamfaa pia mwenye kuotesha nyanya au saladi chini ya taa.

Swali la kwanza la kila mwanafunzi ni sentimita ngapi ziachwe baina ya taa na mmea. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri, alithibitisha zaidi ya miaka 1000 iliyopita kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyooka. Na Johannes Kepler, mwaka 1604, akaeleza kuwa nguvu yake hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, yaani umbali ukizidi mara mbili, nuru hubaki robo. Kanuni hiyo ni kweli kwa taa iliyo ndogo mfano wa nukta. Taa ya LED yenye vimulimuli mamia vilivyotandazwa juu ya kitalu kizima, ndani ya kuta nyeupe zinazorudisha miale, hupoteza nguvu polepole zaidi; kwa hiyo sentimita 40 za taa moja si sentimita 40 za nyingine, na anayenakili kipimo cha jirani bila ya kuijua taa ya jirani hupotea.

Kipimo cha haki ni nuru inayolifikia jani. Jicho la binadamu hupenda zaidi rangi ya kijani, nalo jani hutumia miale yote iliyo kati ya nanomita 400 na 700, kama alivyobainisha mtafiti K. J. McCree mwaka 1972 kwa kupima mimea ya aina 22. Ndiyo sababu chumba kinachopendeza machoni chaweza kuwa na njaa ya nuru. Wataalamu huihesabu miale hiyo kwa mikromoli katika mita moja ya mraba kwa sekunde, na jua la adhuhuri hukaribia 2000. Mche mchanga hutoshwa na 100 hata 300, mmea unaokuza majani hutaka 300 hata 600, na wenye kuchanua 600 hata 1000.

Kwa nini mmea ule ule utake zaidi wakati wa maua? Watafiti Garner na Allard walionyesha mwaka 1920 kwamba urefu wa mchana na usiku huamuru mimea mingi ichanue lini. Bangi huchanua usiku unaporefuka, na kwa sababu hiyo mpandaji hupunguza saa za taa kutoka 18 hadi 12, huku akihakikisha kwamba giza la saa zilizobaki halikatizwi. Sasa tazama hesabu: mikromoli 600 kwa saa 18 hutoa jumla ya takriban moli 38.9 kwa siku, na mikromoli 900 kwa saa 12 hutoa jumla hiyo hiyo. Asiyeongeza nguvu ya nuru siku anapopunguza saa ameunyima mmea theluthi ya chakula chake katika wakati wa kuhitaji zaidi.

Taa za zamani za sodiamu zilirusha joto jingi mbele yake, na mpandaji aliweza kuutia mkono juu ya majani ili ajue kama taa imekaribia kupita kiasi. Taa ya LED hutoa sehemu kubwa ya joto lake kwa mgongo, kwenye mapezi ya metali, hata yawezekana mkono usihisi chochote na jani likaungua. Mpandaji na aliulize jani. Nuru ikizidi, majani ya juu hupauka na kingo zake hujikunja kuelekea juu, ilhali ya chini yangali mabichi. Kupauka kwa upungufu wa naitrojeni, kinyume chake, huanzia chini. Nuru ikipungua, shina hurefuka na kukonda, na pingili huachana.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hulisahau, ni usawa. Katikati ya kitalu hupata nuru nyingi na pembeni hupata kidogo. Taa ndogo kadhaa zilizotawanywa hushinda taa moja kali, na mmea uliokatwa ncha na kutandazwa chini ya wavu hupokea nuru kwa usawa kuliko ulioachwa uwe kama mnara. Taa itundikwe kwa kamba na kapi, ianzie juu, kisha iteremshwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kila mara umbali uhesabiwe kutoka kilele cha mmea, kwa kuwa kilele hupanda kila siku ilhali dari haisogei.

Basi mwenye taa yenye swichi ya kupunguza nguvu na afuate utaratibu huu: kwanza atafute kimo kinachoeneza nuru sawasawa kitaluni, akipima katikati na katika pembe zote, kisha, bila ya kukibadili kimo hicho, arekebishe nguvu kwa swichi mpaka jani lipate kadiri ya umri wake. Kuinua taa ili kupunguza ukali wake hupeleka kwenye kuta nuru iliyokwisha kulipiwa, na kuipunguza kwa swichi huokoa umeme. Kimo ni kwa ajili ya usawa, na nguvu ni kwa ajili ya kiasi. Atakayezitenga kazi hizi mbili hatababaishwa na taa yoyote atakayoikuta.