‘Mirai’: Katuni ya mtoto anayewakera watazamaji

Muulize aliyeiangalia filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo ‘Mirai’ ni kitu gani kilimkera, wengi watakujibu bila kufikiri: yule mtoto. Anaitwa Kun, ana miaka minne, na kwa muda mwingi wa filamu analia, anajitupa sakafuni, anatawanya treni zake za kuchezea sebule nzima. Kuna wakati anaichukua moja ya treni hizo na kumpiga nayo kichwani mdogo wake ambaye bado ni mchanga.

Filamu hiyo iliyoongozwa na Mamoru Hosoda ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi za Japan Julai 2018. Mwaka uliofuata iliwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, ikashindwa na ‘Spider-Man: Into the Spider-Verse’. Ni filamu ya familia, na ni filamu ya kusafiri katika wakati uliopita na ujao. Ila watazamaji wakibishana juu yake, safari hizo huja baadaye. Kwanza wanabishana kuhusu Kun.

Mimi huandika habari za afya, filamu si fani yangu. Niliiangalia nyumbani kwa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mtoto wa wiki tano, hajamaliza hata arobaini. Mwanawe mkubwa, anayekaribia miaka minne, alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani baada ya karibu mwaka mzima wa kuamka mkavu. Alikuwa anataka chupa ya maziwa na anaongea kitoto. Mama yetu alikuwa amekuja kumsaidia dada kulea, na neno lake juu ya mjukuu wake lilikuwa moja tu: anadeka.

Mfalme aliyepinduliwa

‘Mirai’ kwa Kijapani ni wakati ujao, na ndilo jina la binti mchanga anayeletwa kwenye nyumba moja mjini Yokohama. Mama anarudi kazini. Baba, msanifu wa majengo, anabaki nyumbani akifanya kazi zake huku akijifunza kubadilisha nepi na kubembeleza, na kwa kweli hajui pa kuanzia. Kun, aliyekuwa mfalme wa nyumba, sasa kazi yake ni kuambiwa asubiri.

Kila hasira zikimpanda anatoka uani, kwenye mti, na hapo wakati unafunguka. Mbwa wao anamtokea akiwa mwanamume mzima, analalamika kwamba naye alisahaulika siku Kun alipozaliwa. Mirai anamtokea akiwa msichana wa shule, amekuja kutoka miaka ya mbele. Anakutana na mama yake akiwa msichana mdogo, kisha na babu wa vizazi vitatu nyuma akiwa kijana mwenye karakana, aliyerudi vitani na mguu unaochechemea, ambaye anampakia kwenye pikipiki na kumfundisha kutazama mbali badala ya kutazama chini.

Lalamiko la kwanza la watazamaji ni kwamba safari hizi hazina kanuni. Hakuna mashine, hakuna anayeeleza kwa nini mti ule, wala kama Kun anaota. Wanaopenda hadithi za wakati zilizofungwa vizuri kama fundo hukasirika hapa, hasa waliokuwa wameiona ‘The Girl Who Leapt Through Time’, ambayo Hosoda huyohuyo aliitoa mwaka 2006. Mimi halikunisumbua. Mtoto wa miaka minne akikwambia jana alikwenda kwa bibi, na bibi yuko Morogoro, huanzi kumdai tiketi ya basi.

La pili ni kujirudia: analia, anatoka uani, anasafiri, anarudi, analia tena. Hilo ni kweli, na katikati ya filamu hata mimi nilichoka. La tatu ni sauti. Kun anasemewa na Moka Kamishiraishi, aliyekuwa na miaka 18 filamu ilipotoka, na wengi wanasema wanamsikia msichana mkubwa, si mtoto. Nakubaliana nao kabisa.

Lakini lile kubwa, kwamba Kun ni mtoto asiyevumilika, ndilo linalonifanya niandike. Hosoda ameeleza kwamba wazo alilipata nyumbani kwake, mwanawe wa kiume alipoonea wivu mdogo wake aliyezaliwa. Hakumchora mtoto wa kupendwa na kila mtu. Alimchora huyu tunayeishi naye.

Alichokisema mama

Tuliiangalia kwa Kijapani, maandishi ya Kiingereza yakipita chini, dada akimtafsiria mama. Treni ilipotua kichwani kwa mtoto mchanga, mama alisonya.

“Huyu hajapata fimbo,” alisema.

Ikafika sehemu ambayo Kun na mama yake, wote wawili watoto, wanavuruga nyumba nzima kwa furaha mpaka mtu mzima anarudi na kugomba, na Kun anamsikia yule msichana akilia. Mama akacheka peke yake. Ndipo akasimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Nilipokuwa na mwezi mmoja, dada yangu, akiwa na miaka minne, alikutwa ameniziba pua kwa vidole viwili, ametulia, ananitazama.

“Ulitaka kuniua?” nikamuuliza dada.

“Sikumbuki,” akajibu, kisha akamtazama mwanawe kwa muda.

Mtoto naye akadakia: “Mama alikuwa mbaya?” Hakuna aliyemjibu haraka.

Nikirudi kwenye fani yangu: mtoto mkubwa kurudia mambo ya utotoni mdogo wake anapozaliwa ni jambo la kawaida. Kukojoa kitandani, kutaka kunyonya tena, kuzira chakula, kung’ang’ania mama, yote haya hutokea na mara nyingi hupita yenyewe. Kumchapa kwa sababu hiyo humthibitishia alichokuwa akikihofia. Kinachosaidia ni muda kidogo kila siku ambao ni wake peke yake, hata dakika 15 na baba, na kupewa kazi ndogo kama kuleta nepi. Sambamba na hilo, asiachwe peke yake na mchanga, hata kama anaonekana kumpenda. Mimi ni shahidi. Na ikiwa mkojo unamuuma, au ana homa, kiu isiyo ya kawaida au anakonda, apelekwe kituo cha afya, usiseme ni wivu.

Afrika tulilijua jambo hili kabla ya katuni. Neno kwashakoo lilitokana na lugha ya Kiga ya Ghana, na Dk Cicely Williams ndiye aliyelipeleka kwenye maandiko ya kitabibu miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Haukuwa ugonjwa wa wivu: mtoto alikuwa ameondolewa ziwani mapema na kuachiwa uji mtupu. Hata hivyo walioupa jina walikuwa wamemtazama mtoto aliyesogezwa pembeni. Ni sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani kushauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Kwa anayetaka kuiangalia na watoto, sehemu ya kuwa nayo makini ni ya mwisho mwisho, kwenye stesheni ya treni. Kun anapotea, anatakiwa kutaja ndugu ili atafutwe, na kuna treni ya kutisha inayowachukua watoto wasio na mtu. Watazamaji wengi wamelalamika kwamba inaogofya kupita kiasi, na mtoto wa dada yangu alijificha nyuma ya mgongo wangu, akachungulia tu Kun alipopaza sauti kwamba yeye ni kaka yake Mirai. Kwa walio chini ya miaka sita ningeiruka, au ningewapakata.

Mjukuu aliendelea kulowanisha godoro kwa wiki kadhaa, na mama aliendelea kulianika bila kusema anadeka. Filamu ameshaiomba mara mbili, ila anataka aonyeshwe ile sehemu ya mbwa tu.