Shule za Kanisa za Dodoma: zilikotoka, na ya kuuliza kabla ya kumpeleka mtoto

Ikifika Oktoba, makundi ya WhatsApp ya Watanzania tulio nje hujaa swali moja: nataka mwanangu arudi nyumbani aanze shule Januari, nitajieni shule nzuri ya Kikristo Dodoma. Majibu huja haraka, tena kwa mapenzi, lakini mengi ni majina tu. Mmoja anasema baba yake mdogo alisoma pale miaka ya sitini. Mwingine anasema masista hawana mchezo na nidhamu. Mzazi anaandika majina matatu kwenye simu, anamtumia dada yake hela ya fomu, na safari imeanza. Mimi ni mtoto wa Dodoma na shule hizi nazipenda, ndiyo maana naomba tusiende kwa majina. Shule aliyosoma babu yako inaweza kuwa imebaki na majengo yale yale, huku mwenye shule akiwa mwingine na kazi yake ikiwa nyingine kabisa.

Tuanzie zilikotoka. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) kutoka Uingereza walifika Mpwapwa miaka ya 1870, wakasambaa Ugogoni hadi Mvumi na Kongwa. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na kwa miaka mingi wamisionari wake wengi walitoka Australia. Wakatoliki walikuwa na misheni yao Bihawana, nje kidogo ya mji, na miaka ya 1930 Mapadri Wapasionisti kutoka Italia wakalishika eneo la Dodoma. Upande wa Singida, huko Iramba, walikuja Walutheri kutoka Marekani. Kila misheni ilikuwa na kanisa, zahanati na shule, na mara nyingi shule ndiyo iliyowavuta watu kwanza. Buigiri, wilaya ya Chamwino, Waanglikana walianzisha shule ya wasioona mwaka 1950, wakati ambapo mtoto kipofu alikuwa anafichwa nyumbani. Shule za namna hiyo hazikuwekwa kwa ajili ya wenye nacho. Zilikuwa za mtoto wa mkulima wa mtama.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikazichukua shule za misheni. Sababu ilikuwa nzito na ya haki: mtoto wa Kiislamu wa Kondoa hakupaswa kubadili dini, wala kuonekana mgeni, ili tu apate kusoma. Seminari, kwa kuwa zilikuwa za kuandaa mapadri, hazikuguswa. Ukitaka kuona matokeo yake kwa macho, nenda Bihawana leo: ipo sekondari ya serikali na ipo seminari ndogo ya Kanisa, jina moja, milango miwili. Mzazi anayeambiwa "mpeleke Bihawana" aulize Bihawana ipi. Ya serikali inapokea wanafunzi wanaopangwa na serikali. Seminari ni ya wavulana Wakatoliki wenye nia ya upadri, nayo kwa kawaida hutaka cheti cha ubatizo na barua ya paroko kabla ya mtihani wa kujiunga.

Mfano mwingine ni Mazengo. Wazee wetu waliisoma ikiitwa Alliance, shule ya pamoja ya makanisa. Ikataifishwa, ikapewa jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo, ikatoa viongozi wengi wa nchi hii. Tangu mwaka 2007 pale pana Chuo Kikuu cha St. John's cha Kanisa Anglikana. Kwa hiyo mtu akikusifia Mazengo kwa ajili ya mtoto wa kidato cha kwanza, anakusifia kumbukumbu.

Nyingi kati ya shule za kanisa tunazozisikia leo ni tunda la kipindi cha baadaye, pale serikali ilipoona haiwezi mzigo peke yake. Februari 1992 ilitiliana saini Hati ya Maelewano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania kuhusu huduma za jamii, na Sera ya Elimu ya 1995 ikafungua mlango kwa watu na taasisi binafsi. Makanisa yakajenga upya, lakini safari hii bila fedha nyingi za wamisionari. Hapo ndipo ada ilipoingia. Na serikali ilipohamia Dodoma kweli kweli kuanzia 2016, wakaja watumishi wenye mishahara na watoto, na mahitaji ya shule za mchepuo wa Kiingereza yakapanda. Shule ya kanisa ya leo, mara nyingi, inajiendesha kwa ada ya mzazi. Hilo si kosa, ila ujue kwamba hutumi sadaka. Una mkataba, na una haki ya kuuliza.

Cha kwanza kuuliza ni mmiliki. Kuna shule ya dayosisi, kama Canon Andrea Mwaka ya Waanglikana, iliyopewa jina la mmoja wa makasisi wa kwanza Waafrika wa eneo lile. Kuna za mashirika ya kitawa, kama Maria De Mattias ya masista, au Don Bosco ya Wasalesiani inayojulikana kwa ufundi. Na kuna shule ya mtu binafsi ambaye ni Mkristo, akaipa jina la mtakatifu. Hii ya tatu inaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini haina askofu wala mkuu wa shirika wa kumwendea mambo yakiharibika. Omba namba ya usajili wa Wizara na namba ya kituo cha mitihani cha Baraza la Mitihani (NECTA), kisha fungua mwenyewe matokeo ya miaka minne au mitano kwenye tovuti ya Baraza hilo. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, kwa hiyo bango la "tumeshika namba moja" lisikutishe. Tazama pia idadi ya watahiniwa. Kidato cha pili wakiwa 90 na kidato cha nne wakabaki 50, uliza wale 40 wamekwenda wapi. Kuna shule zinazowaondoa au kuwarudisha darasa watoto wasiofikia wastani wa shule ili matokeo yang'ae, jambo ambalo serikali imelikataza mara kadhaa.

Sasa imani, ambayo ndiyo sababu wengi wetu tunaitafuta shule hizi. Usiridhike na "tunamlea mtoto katika maadili ya Kikristo". Uliza ratiba. Ibada ya asubuhi ni saa ngapi, nani anahubiri, na mtoto wa dhehebu lingine anafanya nini Jumapili? Mtoto Mkatoliki kwenye bweni la Kipentekoste, je, atapata mafundisho ya komunyo ya kwanza na kipaimara? Mtoto Msabato, je, Jumamosi kuna majaribio na usafi wa bweni? Waislamu wengi husomesha watoto kwenye shule hizi, na zipo zinazowaheshimu vizuri na zipo zinazowalazimisha kuimba kwaya. Mwambie mkuu wa shule ayaandike majibu yake. Somo la dini lenyewe, Bible Knowledge kidato cha nne na Divinity kidato cha sita, lina mtihani wa taifa, lakini kufaulu somo ni jambo moja na kulelewa kiroho ni jingine. Ukiwa na ndugu karibu, aende siku ya kawaida ya wiki bila kutoa taarifa, akae nje ya bwalo wakati wa chakula. Jinsi mwalimu wa zamu anavyomwita mtoto aliyemwaga uji itakueleza zaidi ya kijitabu cha shule.

Bweni nalo lina sheria. Tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na bweni linaanzia darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Tulio nje ndio tunaoshawishika zaidi kumweka mtoto wa miaka saba bwenini kwa kuwa bibi amezeeka. Ukiona shule inampokea bila kibali, kimbia.

Kuhusu viboko, nasema wazi kwa sababu watoto wetu waliozaliwa Ulaya na Marekani hawajaviona. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari. Shule ya kanisa haijasamehewa kanuni hizo kwa sababu ina msalaba getini. Uliza daftari hilo liko wapi. Mkuu asiyejua unazungumzia nini amekujibu.

Ada isome pamoja na fomu ya kujiunga, maana ukurasa wa mwisho ndio unaoumiza: godoro, tranka, ndoo mbili, rimu za karatasi, fagio la chelewa, jembe, Biblia, kitabu cha nyimbo, mchango wa basi, wa mahafali na wa ujenzi wa kanisa la shule. Halafu maji. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na shule isiyo na kisima chake huwatuma watoto na ndoo Septemba.

Kwa mtoto anayetoka nje, anza na makaratasi mapema. Mwaka wa shule ni Januari hadi Desemba, na muhula wa pili huanza Julai, kwa hiyo likizo ndefu ya huko mliko haitalingana. Akiwa na pasipoti ya kigeni, nenda Uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Shule lazima imwingize kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, apate namba yake, kwani bila namba hiyo hahami wala hasajiliwi mtihani, na aliyefanya mtihani wa sekondari nje atahitaji ulinganifu wa matokeo kutoka NECTA ili aingie kidato cha tano. Mtaala nao unabadilika: walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wanaotarajiwa kumaliza shule ya msingi darasa la sita, mwaka 2027. Na hata kwenye mchepuo wa Kiingereza, mtihani wa Kiswahili upo. Mwanao kama bado anasema "mimi nataka kula ile", tafuta mwalimu sasa, mkiwa bado huko mliko, asije akakaa mstari wa nyuma akichekwa muhula mzima.